Maski ya kuzamia kwa mvaa miwani: anza na geji, samaki baadaye

Mara ya kwanza kuzamia, nilivunja mikono ya miwani yangu ya zamani nikabandika fremu ndani ya maski kwa gundi ya kawaida. Usicheke. Muda si muda ukungu ukatanda kati ya lenzi na kioo, mahali ambapo kidole hakifiki, na kabla hatujageuza kurudi fremu ilikuwa imebanduka inaning'inia juu ya pua. Kuivaa miwani na mikono yake ndani ya maski ndiyo haiwezekani kabisa. Unywele mmoja ukipita chini ya ukingo wa silikoni maji yanapenya, sembuse mkono wa miwani.

Tangu siku hiyo nimejaribu karibu kila njia, na ninachowaambia wenzangu ni hiki: usinunue lenzi, nunua kwanza maski inayokukaa usoni. Iweke usoni bila kuvuta mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha achia mikono. Ikishika bila kuanguka, ni yako. Ikianguka, achana nayo hata kama ina lenzi nzuri namna gani. Jaribu pia ukiwa umeuma kidhibiti hewa au bomba la kupumulia, kwa sababu mdomo ukijaa mashavu hubadilika umbo. Wenye masharubu tunajua tabu yake.

Jambo la pili ni vioo. Kama unataka lenzi za kubadilisha, maski iwe na vioo viwili vilivyotengana, na iwe ni ile aina ambayo mtengenezaji wake anauza lenzi zake. Unatoa kioo cha kawaida, unaweka chenye nguvu. Lenzi hizi kwa kawaida hupanda kwa nusu nusu, yaani -2.0, -2.5, -3.0, na kila jicho unalichagulia yake. Umbo la kulia si la kushoto, kwa hiyo angalia vizuri unapoagiza.

Hapa ndipo watu wengi hukwama, maana cheti cha macho hakiji kwa nusu nusu. Changu kinasema jicho la kulia -4.25, la kushoto -3.50 na astigmatizimu (kasoro ya umbo la jicho inayotia ukungu machoni) ya -1.00. Lenzi za kubadilisha hazirekebishi astigmatizimu, lakini kuna hesabu ya kienyeji ambayo hata mtaalamu wa miwani huitumia: chukua nusu ya namba ya astigmatizimu, ijumlishe kwenye namba kuu. Kushoto kwangu ikawa -3.50 na -0.50, jumla -4.0. Kulia, -4.25 haipo, kwa hiyo ni -4.0 au -4.5. Nilichukua -4.5, na hilo lilikuwa kosa.

Kwa nini kosa? Samaki niliwaona wote, mpaka mistari ya mapezi yao. Nilichoshindwa kuona ni geji ya hewa mkononi mwangu, kile kipimo kinachoonyesha hewa iliyobaki kwenye mtungi. Nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini na mitano, umri ambao jicho halijikunji tena kusoma cha karibu, na lenzi kali ya kuonea mbali huzidisha tatizo hilo. Majini vitu huonekana vikubwa kwa karibu theluthi moja, na vinasogea: kilicho sentimita 60 macho hukiona kama kiko sentimita 45. Ukubwa unasaidia, usogevu unakuumiza, na mwanga hafifu unamaliza kazi. Siku hiyo nilisoma sindano nikaona bari 100. Mwenzangu akaivuta geji yangu, akaitazama, akaninyooshea vidole sita, yaani bari 60. Tulipanda taratibu, salama, ila maneno niliyoambiwa juu ya boti siyaandiki hapa.

Kwa hiyo ukiwa kati ya namba mbili na huoni mbali, chukua ile hafifu. Majini hakuna cha kutazama kilomita mbili mbele. Mara nyingi upeo wote ni mita kumi au ishirini. Kama tatizo lako ni la kusoma tu, huhitaji hata kubadilisha kioo kizima. Kuna vilenzi vidogo vya kubandika chini ya kioo, na vinatosha kwa geji na saa.

Astigmatizimu ikiwa kubwa, au macho yakitofautiana sana, hapo ndipo ulipie lenzi za kusagwa kwa cheti chako na kugandishwa nyuma ya kioo. Upimiwe na umbali kati ya mboni mbili, wasikukadirie. Maski ya namna hii usiisugue ndani kwa dawa ya meno kama tunavyofanya kwa maski mpya, lenzi zitakwaruzika.

Lenzi za kuvaa jichoni? Nimezitumia, na ukipanda botini unaendelea kuona, raha iliyoje. Lakini ziwe laini, si zile ngumu za zamani zisizopitisha hewa, ambazo hunasa viputo vya gesi juu ya jicho unapopanda. Na ziwe za siku moja, utupe ukimaliza, kwa sababu majini kuna vijidudu vinavyojificha nyuma ya lenzi na vinaweza kuharibu jicho. Maski ikijaa maji, funga macho. Mimi nilisahau mara moja tu, na lenzi ya kushoto sikuiona tena.

Miwani ya kuogelea yenye namba isikudanganye. Haifuniki pua, huwezi kupuliza hewa ndani yake, na ukishuka shinikizo litayafyonza macho.

Sasa nina maski mbili zenye lenzi sawa, -4.0 pande zote, moja hukaa mkobani. Miwani yangu ya kawaida naiacha botini kwenye kasha gumu lililoandikwa jina, tena namwonyesha nahodha lilipo. Iliwahi kukaliwa.