Figisu za Kiingereza: maswali yenu kuhusu neno "shenanigans"

Shikamoo mwalimu. Kwenye kitabu cha hadithi cha Kiingereza nimekuta mama akiwaambia wanawe waache "shenanigans". Kamusi yangu ndogo haina neno hilo. (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Masasi)

Marahaba, mwanangu. Mama huyo anawataka waache vituko. Watoto wamemfungia paka kwenye tenga, na mama akiingia wanajifanya wamelala fofofo. Ndizo shenanigans hizo. Ila neno lina sura ya pili. Mtu mzima akilitumia kwa mambo ya uchaguzi, mpira au hesabu za chama, anasema kuna mbinu za chini kwa chini, na hapo Kiswahili kina neno linalolingana nalo hadi kwenye mlio: figisufigisu. Wengine hulitafsiri kwa mizengwe. Inakubalika, lakini mizengwe ina kinyongo ndani yake, shenanigans haina.

Neno lenyewe limetoka wapi? (Msomaji, Mikindani)

Linaonekana kwenye maandishi kuanzia miaka ya 1850 huko California, Marekani. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa huko mwaka 1848 na watu wakamiminika kutoka kila upande, Waayalandi na wasemaji wa Kihispania wakiwamo. Ndiyo maana wanaisimu wanavutana: wako wanaolihusisha na "chanada", neno la Kihispania la ujanja, na wako wanaolipeleka kwa "sionnach", mbweha wa Kiayalandi. Mimi navutwa na mbweha. Aliyekua akisimuliwa hadithi za Sungura hahitaji kuelezwa kwa nini ujanja upewe jina la mnyama.

Naandika barua ya Kiingereza kwa niaba ya wakulima wetu kulalamikia kangomba. Nikiiita "shenanigans" nitaeleweka? (Karani wa chama cha msingi, Tandahimba)

Utaeleweka vibaya, ndugu yangu. Nakuomba usiliandike.

Kangomba tunaijua. Mlanguzi anamfuata mkulima nyumbani wakati mfuko umekauka, anachukua korosho nje ya mnada kwa bei ya kumkandamiza, na mara nyingi kipimo chake ni bakuli, si mizani. Kinachoondoka pale ni ada ya shule na bati za nyumba. Shenanigans ni neno lenye tabasamu, hata linapotajwa kwenye mambo ya fedha. Anayesoma barua yako akiwa mbali atadhani mnalalamikia utundu, ataiweka pembeni.

Liandike neno kangomba lenyewe, kisha ulifafanue kwa Kiingereza cha kawaida: nani alinunua, kilo ngapi, kwa shilingi ngapi, na mnadani kilo ilikuwa inauzwa ngapi wiki hiyo. Tarakimu zitafanya kazi ambayo neno la kuchekesha haliwezi. Nasema hivi kwa uchungu, maana hata kwa Kiswahili tumelizoea kosa hili. Tunasikia "kulikuwa na figisu kidogo kwenye uzani", tunaitikia kwa kichwa, na kilo za mtu zimeshakwenda. Wizi uitwe wizi.

Naweza kusema "shenanigan" moja? (Nachingwea)

Zamani walisema hivyo. Siku hizi karibu kila mara huja kwa wingi, likiwa na s mwishoni.

Mwalimu wetu anasema maneno kama haya na "bamboozle" ni ya kihuni, tusiyatumie. Ni kweli? (Mwanafunzi, Lindi mjini)

Mwalimu wako ana mwenzake wa siku nyingi. Mwaka 1710 mwandishi Jonathan Swift alilalamika katika gazeti la The Tatler kwamba maneno mapya, "bamboozle" likiwamo, yanakiharibu Kiingereza. Zaidi ya miaka 300 imepita, na neno hilo la kumzuga mtu limo kwenye kamusi zote kubwa. Kwa hiyo si ya kihuni, ni maneno ya maongezi. Kwenye barua rasmi andika "trickery". Kwenye insha ya masimulizi, bibi akiwafumania wajukuu juu ya mwembe wa jirani, mwache aseme shenanigans.