Kabla Hujampeleka Mbwa kwa Mlezi wa Muda

Kazi yangu ni kuratibu walezi wa muda wa kituo cha kuokoa mbwa, yaani watu wanaokaa na mbwa wetu majumbani mwao mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Mlezi wa kwanza niliyempoteza alikuwa mama mmoja wa Majani Mapana, hapa jijini Tanga, ambaye alikubali kumpokea mbwa jike aliyekuwa akinyonyesha watoto watano. Nilimwahidi kwamba chakula kingemfikia kila Jumamosi na kwamba angeweza kunipigia simu saa yoyote. Jumamosi ya pili chakula hakikufika, kwa sababu kijana wa bodaboda tuliyemtegemea alikuwa amesafiri nami sikutafuta mwingine. Usiku wa Jumapili watoto wawili wakaanza kuharisha, na yule mama akanipigia mara nne nikiwa nimelala. Aliwahangaikia peke yake mpaka alfajiri, na ilipofika saa mbili asubuhi aliwaleta wote kituoni kwa bajaji aliyoilipia mwenyewe. Wale watoto walipona, lakini yule mama hakuchukua mbwa tena, na majirani zake wawili waliokuwa wamenipa ahadi waliahirisha mara moja, kisha wakanyamaza.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mratibu wa walezi wa muda ana kazi moja iliyo juu ya nyingine zote, nayo ni kuzitunza nyumba. Mbwa akishindikana mahali hurudi kituoni akatafutiwa mahali pengine, ila nyumba iliyokatishwa tamaa haifunguki tena, na hufunga pia milango ya nyumba zilizo karibu nayo. Kwa hiyo mengi ya ninayoyaeleza hapa yanahusu watu, ingawa kinachonihangaisha ni hali ya mbwa.

Vituo vya aina ya chetu huwa na vibanda vichache, na katika masika vibanda hivyo hujaa watoto wa mbwa waliookotwa kwenye mitaro, wakiwa wamelowa na matumbo yamejaa minyoo. Mtoto wa mbwa hujifunza kuwazoea binadamu, kelele na mazingira hasa kuanzia wiki ya tatu hadi karibu wiki ya kumi na nne ya umri wake. Akiupitisha muda huo nyuma ya wavu, akisikia tu mbwa wengine wakibweka, hukua akiogopa ufagio, pikipiki na watoto wa shule, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeng'ata. Malezi ya muda yanamnusuru na jambo hilo, na wakati huohuo yanaacha kibanda kimoja wazi kwa ajili ya mwingine.

Sasa nizungumzie namna ya kuichagua nyumba. Mtu akiniambia kwamba anawapenda mbwa ninafurahi, lakini jibu hilo halinisaidii. Ninachouliza ni nani anakuwepo nyumbani saa sita mchana, nani hulala wa mwisho, nyumba ni ya nani, na kama kuna kuku. Katika mitaa yetu mingi watu huishi vyumba vya kupanga vinavyozunguka ua mmoja, na ua huo ni wa wote: wa anayepika, anayefua, anayelala mchana kwa sababu ni mlinzi wa usiku, na wa mtoto anayejifunza kutembea. Mpangaji mmoja akimleta mbwa bila kuzungumza na wenzake, na bila ruhusa ya mwenye nyumba, malalamiko huanza siku ya pili na mbwa hurudishwa siku ya tano. Ndiyo maana siku hizi sikubali ombi lolote kabla ya kufika mwenyewe, kukaa kwenye mkeka au kiti nitakachopewa, na kumsikiliza kila mtu mzima wa ua ule akisema kwa kinywa chake kwamba hana kipingamizi. Mwenyekiti wa mtaa pia napita kumwarifu, kwa kuwa yeye ndiye atakayefuatwa kwanza ikiwa jirani ana lalamiko.

Habari ya kuku isidharauliwe. Mbwa akimuua kuku wa jirani, mlipe jirani siku hiyohiyo, kwa bei anayoitaja yeye, na aliyempeleka mbwa ndiye alipe badala ya mlezi. Tumewahi kulipia jogoo kwa fedha iliyokuwa imetengwa kununua dawa ya kupe, na iliniuma, lakini nyumba ile inaendelea kutupokelea mbwa hadi leo.

Kuna jambo ambalo wageni wanaotaka kusaidia hapa pwani hulikwepa, au hulisema vibaya, nalo ni dini. Waislamu wengi wa mwambao huu wanafuata madhehebu ya Shafi, na kwa mujibu wa madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mratibu anayeliona hilo kuwa kikwazo cha kubishana nacho atapoteza muda wake na heshima yake. Dini hiyohiyo inaruhusu mbwa wa ulinzi na wa kuwinda, na ina hadithi mashuhuri ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Wazee wa hapa wanaijua hadithi hiyo kuliko mimi. Sijawahi kuitumia kumshawishi mtu. Mara nyingi wao ndio huniambia.

Mzee mmoja wa Makorora alimruhusu mjukuu wake kulea mbwa dume mchanga kwa masharti aliyoyataja polepole huku akihesabu kwa vidole. Mbwa akae chini ya mwarobaini ulio nyuma ya nyumba, asivuke kizingiti, asifike barazani, na vyombo vyake visichanganywe na vya nyumbani. Tulichofanya ni kupima. Tulimfunga kamba ndefu ya kutosha kutembea na kulala kivulini, lakini fupi kiasi kwamba hakuifikia kamba ya kuanikia nguo wala njia anayopita mzee akitoka kutawadha. Tulimpatia bakuli mbili na ndoo moja tulizozipaka rangi nyekundu, na jozi ya nguo za zamani ambazo kijana alizivaa wakati wa kumhudumia tu. Kila jioni kijana alimtoa kumtembeza, kwa kuwa kumfunga mbwa mchana kutwa bila kumtembeza ni kumtesa. Mbwa yule alikaa wiki saba. Zipo nyumba ambazo haziwezi kukubali hata mpango wa namna hiyo, na hizo nazishukuru kwa ukweli wao na kuondoka. Mtu anayekubali kwa kuona haya ni hatari kubwa zaidi kwa mbwa kuliko anayekataa.

Kuhusu afya, mbwa asitoke kituoni siku aliyoingia, hata kama amefika mlezi mwenye machozi machoni. Virusi vya parvo, vinavyoua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuhara damu, vinaweza kuchukua hadi wiki mbili mwilini kabla ya dalili kuonekana, na vinaweza kubaki hai katika udongo wa ua kwa miezi mingi. Kumpeleka mtoto wa mbwa aliyeambukizwa kwenye nyumba yenye mbwa mwingine asiyechanjwa ni kuharibu nyumba hiyo kwa karibu mwaka mzima. Sisi tunasubiri siku 14, tunatoa dawa ya minyoo na kuirudia baada ya wiki mbili, tunakagua kupe masikioni na katikati ya vidole, na sakafu tunaisafisha kwa maji ya klorini, kwa sababu sabuni peke yake haiviui virusi hivyo. Watoto wadogo mno wasioweza kusubiri, wale ambao bado wanahitaji chupa, tunawapeleka tu kwenye nyumba isiyo na mbwa kabisa.

Kichaa cha mbwa kinahitaji ukali zaidi. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, kwa mbwa au kwa binadamu, karibu kila mara humalizika kwa kifo, na unaweza kujificha mwilini kwa wiki au miezi. Mbwa aliyefika na jeraha la kung'atwa ambalo hatujui chanzo chake haendi kwa mlezi mpaka daktari wa mifugo aamue. Waliofikisha umri wa miezi mitatu wanachanjwa kabla ya kutoka, na kadi ya chanjo huondoka pamoja na mbwa. Tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, iliyochaguliwa kwa kumbukumbu ya siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, mimi huifanya kuwa siku ya kuzipitia kadi zote na kuwatafuta mbwa ambao chanjo zao zimepitwa na wakati.

Na kila mlezi, kabla hajaishika kamba, namtaka anirudie kwa maneno yake mwenyewe atakalolifanya mtu aking'atwa au kukwaruzwa: kuosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kutolipaka pilipili, mafuta ya taa wala dawa ya kubahatisha, kwenda hospitali siku hiyohiyo kuhusu sindano za kinga, na kunipigia mimi ili mbwa asiuawe wala asipotee bali afungwe na kuchunguzwa kwa siku 10. Akishindwa kunirudia, tunaanza tena. Hapa sina huruma, kwa kuwa hapa ndipo mtu anaweza kufa.

Chakula nitakieleza kwa ufupi. Ugali wa dona uliochanganywa na dagaa au vichwa vya samaki vilivyochemshwa unamtosha mbwa mzima kwa muda huo wa malezi. Mtoto wa chini ya miezi mitatu apewe kidogo kidogo mara nne kwa siku, na asipewe maziwa ya ng'ombe badala ya ya mama yake, kwa sababu yatamharisha. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitolewe, kwani hupasuka na kuchoma utumbo, wala mabaki yenye vitunguu vingi. Wale wanaookota mabaki ya samaki ufukweni au sokoni Deep Sea wachambue kwa makini wasichukue bunju; sumu yake haiondoki kwa kupikwa, nayo humuua mbwa kama inavyomuua mtu.

Siku tatu za mwanzo ndizo zinazoamua. Mbwa aliyetoka kibandani hali vizuri, anajificha, anakojoa mahali pasipofaa, na usiku analia. Mlezi ambaye hakuambiwa mapema hudhani ameletewa mbwa mgonjwa, au kwamba yeye mwenyewe hafai. Kwa hiyo mimi humweleza yote hayo siku ya kwanza, humpigia jioni hiyohiyo, kesho yake asubuhi na keshokutwa, na siku ya nne nafika. Swali langu la kwanza katika simu huwa ni kuhusu yeye: amelala? Mwenzake anasemaje? Mara nyingi jibu la swali hilo ndilo linaloniambia habari za mbwa. Tuna simu moja ya kituo ambayo huzunguka kwa zamu miongoni mwetu watatu, ili usiku pawe na mtu aliye macho kwa ajili hiyo. Kama tungekuwa nayo wakati wa yule mama wa Majani Mapana, pengine bado tungekuwa naye.

Mwandikie mlezi tarehe ya mwisho. Sisemi umwambie, bali uiandike kwenye karatasi ambayo nyote wawili mtaitia saini, pamoja na maelezo ya nani anagharimia chakula, dawa na usafiri, na kwamba mbwa ni wa kituo. Mtu aliyeombwa kulea "kwa muda kidogo" hujikuta mwezi wa nne amekwama, anaona aibu kulalamika, na siku moja analegeza kamba na kusema mbwa amekimbia. Tarehe ikifika na mwenye kumchukua moja kwa moja hajapatikana, nenda ukamchukue mbwa, hata kama kibanda hakipo na itakubidi ulale naye barazani kwako. Mlezi ndiye aseme mwenyewe kwamba anaongeza wiki. Usimwombe ukiwa umesimama mlangoni kwake.

Wapo watakaotaka kubaki na mbwa waliyemlea. Mwanzoni nililihofia jambo hilo, kwa kuwa linapunguza walezi, lakini sasa nalikubali kwa moyo wote iwapo ua unafaa na mbwa amehasiwa au ametolewa kizazi, maana nyumba ya kudumu ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta.

Kwa wale wanaomtoa, siku ya kumkabidhi iwe yao. Tunamwalika mwenye kumchukua afike nyumbani kwa mlezi, apewe maelezo yote pale pale na yule aliyeishi na mbwa: anapenda kukunwa wapi, anaogopa nini, neno gani linamfanya akae. Mlezi ndiye anayeikabidhi kamba kwa mkono wake, na kama kuna mtoto aliyekuwa akimtembeza, basi mtoto huyo. Yule kijana wa Makorora alimsindikiza mbwa wake hadi barabarani, akarudi na ndoo nyekundu mikononi, akaiosha na kuiegemeza chini ya mwarobaini. Sikumwambia chochote kuhusu mbwa mwingine siku ile, wala wiki iliyofuata. Mwezi mzima nilimpigia kwa ajili ya jambo moja tu, kumweleza mbwa yule anaendeleaje huko Pongwe alikopelekwa, na mara ya tatu nilipopiga ndipo babu yake alipoichukua simu na kuniuliza kama ndoo niifuate, au iendelee kukaa hapo.