Maswali ya wasomaji: St Andrews, klabu na uwanja wake

Je, klabu ya gofu ya St Andrews, mji wa Uskoti, ndiyo iliyoanzisha gofu?
Hapana. Mwaka 1457 tayari Bunge la Uskoti lilikuwa limeupiga mchezo huo marufuku, pamoja na soka, ili vijana wajifunze upinde. Klabu ilizaliwa 1754, waungwana 22 walipochanga pesa wakanunua fimbo ya fedha ya kushindania. Hadhi ya kifalme waliipata 1834 kwa William IV.

Mbona mashimo ni 18?
Pale walikuwa wanacheza mashimo 11 kwenda na 11 kurudi. Mwaka 1764 manne ya kwanza yaliunganishwa yakawa mawili, kwenda na kurudi, yakabaki 18. Wengine wakaiga.

Bila shaka uwanja ni mali ya klabu?
Si mali yake, na hili ndilo ninalotaka kila mpenzi wa gofu alijue. Hati ya Askofu Mkuu John Hamilton ya 1552 iliwathibitishia wenyeji haki ya kucheza kwenye nyika ya mchanga ulipo uwanja huo. Mwaka 1797 baraza la mji, likiwa limezama kwenye madeni, likaiuza. Wakaingia wafugaji wa sungura. Mnajua sungura anavyofukua! Wachezaji na wafugaji wakavutana, mahakamani na uwanjani penyewe, zaidi ya miaka 20, mpaka James Cheape, mwenye shamba jirani na mchezaji, alipoinunua ardhi mwaka 1821 na kuiokoa. Leo inasimamiwa na taasisi ya umma iliyoundwa kwa sheria ya 1974. Klabu ni jirani tu mwenye jumba zuri. Jumapili uwanja wenyewe, uitwao Old Course, kwa kawaida hufungwa, watu wa mji wakatembea na watoto na mbwa wao. Viwanja vyetu vingapi mwananchi wa kawaida anaweza kuvikanyaga hivyo?

Old Tom Morris alikuwa nani?
Mtoto wa mji huo, aliyejifunza kwa Allan Robertson kutengeneza mipira. Kazi ilikuwa ngumu: manyoya ya bata bukini, kiasi cha kujaza kofia ndefu, yalichemshwa, yakashindiliwa ndani ya kifuko cha ngozi, kikashonwa. Ulipokuja mpira wa bei nafuu wa utomvu wa mti, mwaka 1848, Robertson aliuchukia. Morris aliucheza, wakaachana. Alirudi miaka ya 1860 kuutunza uwanja, na alishinda mashindano makubwa ya Open mara nne.

Wanawake walikubaliwa klabuni lini?
Septemba 2014, baada ya miaka 260. Walichelewa mno, hakuna cha kutetea. Wanawake wa mji wenyewe walikuwa na klabu yao tangu 1867.

Nikifika, nitaweza kucheza?
Ndiyo, bila kuwa mwanachama. Nafasi nyingi hutolewa kwa bahati nasibu ya kila siku. Beba cheti chako cha handikapu, yaani kiwango chako rasmi cha uchezaji.