Ukitaka kuandaa jioni ya mashairi Lamu, anza na miguu

Niliporudi Lamu baada ya miaka saba Mombasa, nilikuja na hamu kubwa. Nilitaka jioni ya mashairi ya Kiamu, lahaja yetu ya Lamu: watoto wasome, wazee wafasiri maneno mazito. Nikachapisha mabango nikayabandika Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, nikatuma ujumbe kwenye makundi ya simu, nikakodi ukumbi na viti hamsini. Walikuja watu tisa, na watatu kati yao ni ndugu zangu.

Usiku ule nililia. Asubuhi akaja jirani yetu, bi mkubwa aliyeniona nikizaliwa, akaniuliza: "Arusi waalika kwa karatasi?" Nikamjibu la. "Basi mui huu nao hauyi kwa karatasi. Twaa buibui, tuzunguke." Yaani mji huu hauji kwa karatasi.

Tulizunguka siku tatu, mtaa wa Mkomani mpaka wa Langoni. Ndipo nilipojua kwamba kualika ni kazi yenye adabu zake. Unapiga hodi, unakaa kitako, unamuulizia mgonjwa wa nyumba, unanywa ulichopewa hata kama umeshiba, halafu ndiyo unataja siku. Aliyealikwa kwa mdomo anajua kuwa asipokuja pengo lake litaonekana. Na humohumo majumbani unaokota habari ambazo bango halikupi. Nyumba hii ina hitima wiki hiyo. Ile ina posa. Kijana wa nyumba ya tatu anapiga udi vizuri sana, ila hakuna aliyewahi kumwomba apige mbele za watu. Huyo kijana ndiye aliyekuja kufungua jioni yetu ya pili.

Kwa hiyo usipange tarehe kabla hujazunguka. Angalia mfungo sita, kwa mfano: Maulidi ya Riyadha, msikiti ulioanzishwa na Habib Swaleh, huleta wageni kutoka pwani nzima, na kila nyumba ina watu wa kulisha na kulaza. Mwezi huo saidia, usishindane. Saa nayo ipange baada ya isha. Na ukialika watu wa vijiji vya Matondoni au Shela, uliza maji kwanza. Mara ya kwanza sikuuliza, na mama mmoja msuka mikeka aliniambia baadaye kwamba alitamani kuja, ila bahari ingekupwa na mashua isingeweza kumrudisha.

Mahali, tulihamia uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome. Ngome ile ilikuwa jela mpaka 1984. Siku hizi ina maktaba na watu hufanyia shughuli zao ndani. Lakini kabla hujasherehekea kupata uwanja, kaa na kina mama mkubaliane wao watakaa wapi, wataingilia njia gani, nani atashika watoto. Nimeona shughuli nzuri zikikosa nusu ya mji kwa sababu jambo hili lilikumbukwa mikeka ikishatandikwa.

Lililonigusa kuliko yote ni kofia. Mji wetu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni huja kutazama milango ya nakshi na nyumba za mawe. Mimi nawaomba mtazame pia mikono. Mjomba wangu hushona kofia za vito, yaani za nakshi ya vitundu, barazani. Huchora nakshi kwa penseli, hutoboa kitundu kidogo kuliko punje ya mtama, kisha hukizungushia uzi kwa sindano, pole pole, mpaka kitundu kisimame kama jicho. Kisha kingine. Kofia moja humchukua miezi. Na wakati wote huo mdomo wake haunyamazi: anaghani, anakosolewa na wenzake, anarudia mshororo. Mashairi niliyokuwa nikiyatafutia ukumbi yalikuwa hapo hapo, hatua ishirini kutoka mlangoni kwetu.

Nilimwomba aje uwanjani ashone mbele ya watoto huku akighani. Alikubali, nami nikamlipa kama siku ya kazi. Nalisema hili kwa mkazo: usimwite fundi "aje aonyeshe" kisha umshukuru kwa makofi. Anayekuja kwako ameiacha riziki yake barazani.

Jioni ya pili mikeka haikutosha. Tuliazima mingine majumbani, pamoja na masinia ya kahawa na halua. Vitu vya kuazima rudisha mwenyewe, kesho yake asubuhi, na sinia lisirudi tupu. Mimi nilipika mkate wa sinia nikauzungusha vipande vipande nyumba hadi nyumba. Kwenye mlango wa mwisho, bibi mmoja ambaye hakuwa amekuja alipokea mkeka wake, akanishika mkono, akanivuta ndani. Akafungua kasha. Chini ya kanga zake mlikuwa na daftari la tenzi, kwa mkono wa mama yake.