Maintani wa medikali, mgonjwa kufungua macho si kupona

Haya wadogo zangu, madaktari mlio mafunzoni, karibuni wodi ya medikali. Nilikuwa nshaapa sitarudia haya maneno maana kila kundi likiingia laambiwa na kila kundi lasahau, lakini wiki hii nimefungua faili nikakuta mmoja wenu ameandika RBS (sukari ya damu) 2.1, iko chini mno, amepewa D50 (dekstrozi ya asilimia 50, maji ya sukari ya mshipani), ameamka, aende nyumbani. Aende nyumbani wapi? Mama wa watu ana miaka zaidi ya sabini, anakunywa glibenklamaidi, dawa ya kisukari, na kreatinini, kipimo cha figo, hata haijatoka labu. Kama si sista kukataa kumtoa kanula, ule mrija wa mshipani, sasa hivi twaongea mengine. Kwa hivyo kaeni chini na mahamri yenu msome, na mkimaliza msije kuniuliza nilichokwisha kuandika hapa.

1. Yeyote anayeletwa hajielewi, sukari kwanza. Hata watu wake wakisema ni jini, hata ananuka mnazi, hata upande mmoja umelegea na wewe ushaandika kiharusi kwa maandishi makubwa. Sukari ikishuka yaweza kumlegeza mtu upande mzima, ukaipandisha akanyanyua mkono mbele ya macho yako, na wewe ushawatuma watu wakachange pesa ya CT, picha ya kichwa. Mnywaji mpe na thayamini (vitamini B1). Stripu za kupimia sukari zikiwa zimekwisha wodini kaazime kazualti, kule kwa dharura, kazualti hakuna nenda wodi ya wazazi, omba, bembeleza, lakini usikae ukingoja majibu ya labu. Ukikosa kabisa mpe dekstrozi hivyo hivyo, sukari ikipanda kidogo hutamuua.

2. "Dawa ya sukari" si historia. Dawa ina jina. Mwambie mwanawe apande tuktuk arudi nyumbani alete mfuko wote wa dawa, pamoja na zile za kemisti na zile alizopewa na jirani. Metformini, dawa nyingine ya kisukari, peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Glibenklamaidi ni habari nyingine, yaisukuma kongosho itoe insulini mtu ale asile, yakaa mwilini siku nzima au zaidi, na figo zikiwa mbovu ndo haitoki kabisa. Ramadhani ikiingia mtawaona wengi, wamefunga na dawa wamebugia daku.

Na hapa ndo niwape yangu, maana wengi mwadhani mimi nilizaliwa najua.

Nilikuwa intani, hospitali nyingine, na ilikuwa Ramadhani nami nimefunga. Alasiri akaletwa mzee mmoja, watoto wake wamembeba, kalowa jasho, maneno yake hayashikiki. Nikapima, 1.6. Nikamsukumia D50, mzee akafungua macho akauliza kama muadhini ashaadhini, wodi nzima ikacheka, mwanawe akanishika mkono akaniombea dua ndefu, na wallahi siku hiyo nilijiona mimi ni daktari kweli. Nikaandika dripu ya dekstrozi asilimia 10, nikatoa damu ya UECs, kipimo cha figo na chumvi za damu, nikashuka kwenda kufuturu. Yule kijana akanifuata mpaka ngazini akaniambia, daktari, babangu siku hizi chakula hakimpiti na miguu yamfura, na ile dawa huimeza mara mbili wakati wa daku ili imtoshe mchana kutwa. Akanionyesha na pakiti. Nikamwambia sawa, tutaangalia. Sikuandika popote. Kila kitu nilichotakiwa kujua kilikuwa ndani ya yale maneno, dozi maradufu, hali chakula, miguu imefura kwa hivyo zitazame figo, na mimi kichwani niko na sambusa.

Niliporudi nikapita kitandani, mzee kalala. Nikasema wacha apumzike. Kalala! Mtu aliyeletwa kwa sukari kushuka kalala na mimi nikafurahi, sikumgusa hata bega. Kwenye faili nilikuwa nimeandika "pima RBS", basi, bila saa, na sista usiku ule alikuwa peke yake na wodi imejaa mpaka wengine wako chini, sasa atapima saa ngapi kama mimi mwenyewe sikumwambia? Admishoni zikafuatana. Mkono ukavimba pale penye kanula, dripu ikasimama, na hakuna ajuaye ilisimama saa ngapi.

Karibu na daku nikaitwa. Mzee atetemeka mwili mzima, mate yamtoka, mashine yaandika LO, yaani sukari iko chini hata haisomeki. Mishipa yote imejificha, nadunga huku mikono yangu mwenyewe yatetemeka, mpaka MO, daktari aliyenitangulia, akaja akapata mshipa pajani. Sukari ikapanda. Mzee hakuamka. Kulipokucha nikaenda labu kuulizia UECs, kumbe kreatinini ilikuwa tayari tangu saa tatu usiku, zaidi ya 500, karatasi imelala kwenye trei yangojea mtu wa kuichukua.

Konsultanti wetu, daktari bingwa wa wodi, alikuwa mama mpole sana na hakunipigia kelele, afadhali angenipigia. Aliniuliza mbele ya raundi nzima, "Alikuwa akinywa dawa gani?" Nikasema ya sukari. "Yaitwaje?" Nikaitaja, maana nilikuwa naijua. Akageuza kurasa za faili polepole akitafuta nilipoiandika, akakosa, akaiandika yeye mwenyewe kwa peni yake pembeni ya maandishi yangu, akaenda kitanda kinachofuata.

Mzee aliishi. Aliamka baada ya siku kadhaa lakini hakuwa yule aliyeulizia adhana, akila ni kwa kulishwa, na wanawe leo awajua kesho hawajui. Yule kijana akawa kila akiniona aniamkia kwa heshima na kuniombea, na hiyo ndo iliyonimaliza. Mwisho nikamwomba konsultanti tukae naye pamoja, nikamwambia kwamba usiku ule babake hakupimwa na kwamba ni mimi sikuandika apimwe. Yaliyosemwa mle chumbani ni ya yule kijana, si yangu kuyaweka hapa.

Basi mnaponiona nawafokea kwa RBS mjue. Ukimpa D50 hujaiondoa glibenklamaidi, iko pale pale, na sukari unayoisukuma yaichokoza kongosho itoe insulini nyingine, kwa hivyo atashuka tena. Pima tena baada ya dakika 15 mpaka ivuke 4, anayeweza kumeza mpe chakula cha maana si chai tupu, weka D10, halafu pima kila saa na hiyo saa iandike: saa nne, saa tano, saa sita. Alale wodini si chini ya masaa 24, na kama figo zimeharibika ongeza. Oktreotaidi, dawa ya kuizuia kongosho isitoe insulini, ikipatikana itumie. Na glibenklamaidi isirudi naye nyumbani, nshaona mtu ametoka wodini na dawa ile ile iliyomleta.

3. DKA, pale insulini ikikosekana sukari yapanda na ketoni zaitia damu asidi. Potasiamu ikiwa chini ya 3.3 usiguse insulini, jaza potasiamu kwanza na maji yaendelee. Sukari ikifika kama 14 ongeza dekstrozi, usifunge insulini, ketoni bado zipo. Na insulini ya chini ya ngozi idungwe saa moja au mbili kabla ya kufunga ya mshipa. Haya mwayajua ya mtihani, wodini saa nane usiku ndo yawatoka.

4. Homa Mombasa si malaria mpaka ionekane. Slaidi (damu chini ya hadubini) hasi na RDT (kipimo cha haraka) hasi ni hasi, rudia ukiwa na shaka lakini usimpe artesuneti, sindano ya malaria kali, eti kwa sababu katoka Kisauni. Dengi ilitupiga 2013, chikungunya ikaja mwisho wa 2017 ikaingia 2018, na mbu wake ni wale wa mchana wanaozaa kwenye mapipa ya maji nyumbani, na nyie mwajua mji huu maji twaweka kwa mapipa. Kwa hivyo ile sindano ya diklo (diklofenaki, ya maumivu) kila homa acheni, kama ni dengi wamtafutia kutokwa na damu, mpe paracetamol. Dengi pia ina hila, homa ikishuka siku ya tatu mpaka ya saba mgonjwa ataka kwenda kwao na ndo siku mishipa yavuja, tazama hematokriti (uzito wa damu) ikipanda na plateleti (chembe za kugandisha damu) zikiporomoka, muulize kama tumbo lamuuma na kama atapika. Na aliye na malaria kali kweli, artesuneti saa 0, 12 na 24, akiweza kumeza mmalizie na AL (vidonge vya artemetha na lumefantrini) dozi kamili. AL mwaisahau kila mara, sijui kwa nini.

5. Presha 210 kwa bibi anayetembea na anawasema majirani si imajensi. Nifedipini chini ya ulimi hapana, hapana, hapana, utaishusha ghafla umpe kiharusi ulichokuwa waogopa. Mkalishe, mpime tena, muulize lini mara ya mwisho alimeza dawa. Bibi mmoja aliniambia dawa anazo, zote, hajazifungua, azingoja apate homa ndo azinywe. Kiharusi cha damu kuganda nacho msikimbilie kushusha presha, kama hapewi dawa ya kuyeyusha damu iacheni mpaka ipite 220/120.

6. Handova, kukabidhiana wagonjwa zamu zikibadilika. Usipokee "kitanda cha 12 yuko stebo", eti hali imetulia. Stebo tangu saa ngapi, nani kamwona, pumzi ngapi? Mmoja wenu alinijibu yuko stebo kwa sababu ameomba chai. Nikaenda nikamkuta amekaa wima kashika chuma cha kitanda, pumzi 38, mapafu yachemka maji mpaka juu, na chai kweli ameomba. Tukamwekea oksijeni na Lasix ya mshipa ya kuyatoa maji, na huyo intani nikamsimamisha pale pale ahesabu pumzi dakika nzima kila nusu saa mpaka alfajiri, na akinuna anune.