Goti halishikiliwi na mshipa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri kipeperushi cha afya kwa ajili ya wapagazi wa Mlima Kilimanjaro. Niandike "tishu unganishi" au "tishu unganifu"? Na kwa jeraha la goti, "mshipa umekatika" inatosha? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba. Andika tishu unganishi. Kitenzi chake ni kuunganisha. Unganifu inatokana na kuungana, nayo yasema kitu kimeshikamana, si kwamba kinashikamanisha vingine. Hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye huo mshipa. Unanikera, na utaendelea kunikera mpaka watu wa afya watakapoacha kuuandika.

Chukua mpagazi anayeteremka kuelekea Mweka na mzigo kichwani, akateleza, goti likapinda. Anasema mshipa umekatika. Mshipa upi? Ukikatika wa damu, damu inavuja. Ikikatika neva, ambayo wengi huiita mshipa wa fahamu, anapata ganzi. Ikikatika kano, inayofunga msuli kwenye mfupa, msuli unakaza lakini mguu haunyooki. Ikichanika ligamenti, inayofunga mfupa kwa mfupa, goti linachezacheza. Majeraha manne, tiba nne, na sisi tunayarundika yote kwenye neno moja! Kisha kuna gegedu inayofunika ncha za mifupa zisisagane. Gegedu haina mshipa wa damu hata mmoja, ndiyo maana hupona kwa shida mno, na bado nimesikia ikiitwa mshipa.

Kano, ligamenti na gegedu ni tishu unganishi. Mfupa umo, mafuta yamo, hata damu imo, kwa kuwa katika tishu hizi seli hukaa zimetawanyika ndani ya kitu kingine: kwenye damu ni plazma, yaani majimaji yake, kwenye kano ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni zilizolala sambamba. Neva na msuli ni tishu za aina nyingine kabisa.

Nenda ukanywe supu ya makongoro, Moshi au Arusha. Ile minofu inayoteleza na kunata midomoni watu huiita mishipa. Si mishipa. Ni kano na ngozi. Kolajeni yake imechemka muda mrefu ikageuka jelatini, na supu ikipoa inaganda. Mshipa wa damu ni mrija. Kano haina tundu katikati, ni kamba. Ikate kwa kisu uone mwenyewe.

Bibi wa Kibosho akiniambia mshipa wa shingo umembana, nampa pole wala simsahihishi, maana katika lugha ya nyumbani neno hili limebeba mengi tangu zamani. Lakini kipeperushi chako kitasomwa na mtu aliyeumia, na huenda akakinukuu kwa daktari. Andika kano panapohusika kano. Wapo wanaoiita kano hata ile ya mfupa kwa mfupa. Wewe iite ligamenti, zisichanganywe.