Maswali na Majibu: Mgeni Katika Nyika ya Fallout

Makala yangu iliyopita, ambamo nilieleza jinsi nilivyoingia kwa kuchelewa katika mfululizo wa gemu za Fallout, imeniletea barua nyingi kuliko nilivyotazamia. Kwa ambaye hakuisoma, Fallout ni gemu za kuigiza uhusika zilizoanza kutolewa mwaka 1997, na zinasimulia habari za Marekani iliyoteketezwa kwa mabomu ya nyuklia tarehe 23 Oktoba 2077, pamoja na habari za waliosalia na vizazi vyao. Najibu kama mgeni, kwa hiyo wenyeji waliozicheza tangu utotoni watanivumilia pale nitakapokwenda kinyume na mapenzi yao.

Assalaam aleikum. Mimi nimekulia katika mabanda ya gemu, na huko kwetu ni mpira tu. Fallout ziko nyingi. Nianze na ipi? (Kijana wa Kisauni)

Waaleikum salaam. Anza na Fallout: New Vegas ya mwaka 2010. Wengi watakuelekeza kwenye Fallout 4 ya mwaka 2015, na wana sababu, kwani kulenga na kupiga risasi humo ni kwepesi zaidi kwa mikono iliyozoea gemu za kasi. Lakini mazungumzo ya Fallout 4 yamebanwa katika majibu manne kila mara, na mara nyingi majibu hayo yanakufikisha mahali pamoja. New Vegas inakupa sababu ya kutembea tangu dakika ya kwanza: wewe ni tarishi, unanyang'anywa mzigo, unapigwa risasi ya kichwa na kufukiwa karibu na kijiji cha Goodsprings, kisha unaokolewa. Unaanza kwa kumtafuta aliyekupiga, na kabla hujatahamaki umeingizwa katika mzozo wa kugombea bwawa la Hoover, ambalo ndilo linaloleta umeme na maji.

Wagombeaji ni jamhuri yenye sheria na kodi lakini yenye jeshi lililotapakaa kupita uwezo wake, jeshi la watumwa linalomtii mtu anayejiita Caesar, na tajiri mmoja aliyeishi zaidi ya karne mbili kwa msaada wa mashine. Unaweza pia kuwakataa wote watatu. Kila upande una hoja ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuitetea, isipokuwa ule wa Caesar, ambao mimi binafsi sikuweza kuumeza hata kwa kujilazimisha.

Uliandika kwamba katika Fallout ya kwanza mtu anaweza kumshinda adui mkuu kwa maneno. Hilo linawezekanaje katika gemu ya vita? (Mwanafunzi, Tudor)

Linawezekana kwa sababu waliounda gemu ile walilichukulia neno la kinywa kuwa silaha sawa na bunduki. Kabla ya kuanza unagawa alama katika sifa saba za mhusika wako: nguvu, utambuzi, ustahimilivu, mvuto, akili, wepesi na bahati. Alama hizo hazibaki kuwa tarakimu za kupigania tu. Ukimpa mhusika wako akili ndogo sana, hataweza hata kuunda sentensi, na watu atakaokutana nao watamwonea huruma au watamfukuza, hivi kwamba gemu nzima itakuwa nyingine kabisa.

Adui mkuu, aitwaye Master, anataka kuwageuza binadamu wote wawe majitu kwa kutumia virusi vilivyotengenezwa maabara, kwa kuwa anaamini kwamba wanadamu wakiwa wa aina moja hawatakuwa na sababu ya kupigana tena. Hoja yake si ya kijinga, na hapo ndipo utamu ulipo. Ukiwa umesoma, umepeleleza na kuupata ushahidi kwamba majitu yake hayawezi kuzaa, unamwekea ushahidi huo mbele yake. Naye, akiisha kuelewa kwamba uovu wote alioutenda umekuwa wa bure, anaiangamiza ngome yake mwenyewe. Gemu nyingi humpa mchezaji uhuru wa kuchagua upanga au mshale. Hii ilimpa uhuru wa kuchagua kubishana, tena miaka ya tisini.

Yapo pia maji, jambo ambalo msomaji wa Mombasa atalielewa upesi kuliko wengi. Kazi yako ya kwanza ni kutafuta kipuri cha mtambo wa maji wa handaki mlimozaliwa, moja ya yale yaliyojengwa kabla ya mabomu ili watu wajifiche humo, na unapewa siku 150 za ndani ya gemu kabla watu wako hawajafa kwa kiu. Kabla hazijakuishia, unaweza kuwalipa wafanyabiashara wa maji wa mji wa Hub wapeleke maji nyumbani kwenu, nawe ukaongezewa siku 100. Niliwatambua watu hao mara moja: ni wale wenzetu wa mikokoteni na madumu ambao hutokea mtaani pale mfereji unapokauka, ila hawa wa Hub ni miongoni mwa wenye mji.

Yale mahandaki yalijengwa kuokoa watu au la? Mimi na ndugu yangu tumebishana hadi tukanuniana. (Msomaji, Likoni)

Machache yalikuwa ya kuokoa watu. Kampuni iitwayo Vault-Tec iliwauzia raia ahadi ya usalama, huku mahandaki mengi yakiwa yamepangwa kisiri kuwa majaribio juu ya watu waliomo. Kwa hiyo ndugu yako akisema yaliokoa watu, mwambie akatembelee handaki la kumi na moja katika New Vegas. Na wewe ambaye hutaki kuharibiwa hadithi, ruka aya inayofuata.

Wakazi wa handaki hilo waliambiwa na kompyuta kwamba kila mwaka lazima wamtoe mmoja wao auawe, la sivyo wote watauawa. Wakaamua kwamba atakayetolewa ni msimamizi wa handaki, na msimamizi huchaguliwa kwa kura. Hebu fikiria kampeni zao: mabango ukutani yanamnadi mgombea kwa nguvu zote kwa sababu anachukiwa, makundi yanapanga kura ili yamwangamize mpinzani, na mgombea mwenyewe analia akiomba asichaguliwe. Hatimaye, walipobaki wachache kabisa, walikataa kumtoa mtu, na kompyuta ikawapongeza kwa msimamo wao na kuwaambia kwamba wako huru. Wangalikataa mwaka wa kwanza, wote wangalipona. Sisi tunaozijua kampeni hatuhitaji kufafanuliwa kwa nini sehemu ile inachoma. Na hakuna anayekusimulia haya: unayaokota mwenyewe katika kanda za sauti na kompyuta zilizoachwa, chumba baada ya chumba.

Kama ni mwaka 2077 na baada yake, mbona redio, magari na nguo ni za enzi za babu? (Mama Abdalla, Mji wa Kale)

Mama, dunia ya Fallout iliachana na yetu baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kwao transista ilichelewa sana, na nguvu za atomu zikaingizwa katika magari na maroboti ya nyumbani, huku mitindo na matangazo yakibaki yale ya Marekani ya miaka ya hamsini. Ndiyo maana unaona roboti anayepika huku redio ya taa ikipiga nyimbo za zamani. Wengine huona ni mapambo tu. Mimi naona ni kejeli, kwa sababu matangazo yale yenye nyuso za tabasamu ndiyo yaliyowauzia watu mahandaki niliyoyataja hapo juu.

Mwanangu ana miaka kumi na miwili na ananisumbua nimnunulie Fallout 4. Inamfaa? (Baba wa watoto wawili, Bamburi)

Haimfai, bwana. Fallout 4 imepangiwa umri wa miaka 17 na kuendelea Marekani, na 18 Ulaya. Miili hukatika vipande, na dawa za kulevya hutumika kama vifaa vya kujiongezea nguvu, ingawa mhusika anaweza kuwa mraibu akadhoofika. Mwaka 2008 Fallout 3 ilikataliwa kwanza nchini Australia kwa sababu hiyo hiyo, na morfini iliyokuwamo ikabadilishwa jina ikaitwa Med-X. Kama anapenda sura ya dunia hiyo, mpe Fallout Shelter ya simu, ambayo ni ya kusimamia handaki na watu wake. Mapigano yamo, lakini ni ya katuni. Angalia tu asinunue vitu vya ndani ya gemu kwa pesa zako.

Nilitazama tamthilia ya Fallout bila kucheza gemu hata moja. Je, nimejiharibia? (Msomaji, Nyali)

Hujajiharibia sana. Tamthilia iliyoanza kuonyeshwa na Amazon mwezi Aprili 2024 imewekwa mwaka 2296, baada ya gemu zote zilizotoka, na wahusika wake wakuu ni wapya. Hasara yako ni moja: kuhusu mji wa Shady Sands. Katika gemu ya kwanza ni kijiji cha matofali ya udongo, ambako unaweza kumwokoa binti wa kiongozi, Tandi, kutoka kwa majambazi. Katika gemu ya pili, ya mwaka 1998, kijiji hicho kimekuwa mji mkuu wa jamhuri, na Tandi huyo huyo, sasa bibi kizee, ndiye rais wake. Aliyemwokoa binti kisha akaja kumkuta rais hutazama yaliyoupata mji huo katika tamthilia kwa uchungu ambao wewe hukuusikia.

Laptopu yangu ni dhaifu na bando ni ghali. Nifanyeje? (Fundi, Changamwe)

Fallout ya kwanza iliuzwa katika CD moja, kwa hiyo laptopu yoyote inayowaka itaiweza. Ila mapigano yake ni ya zamu kwa zamu na yanataka subira. New Vegas inadai takriban gigabaiti 10 za nafasi na gigabaiti 2 za kumbukumbu, wakati Fallout 4 inadai 30 na 8. Fallout 76 ya mwaka 2018 iepuke, maana haichezeki bila intaneti hata dakika moja. New Vegas ina tabia ya kujizima yenyewe, na umeme wetu unajulikana. Hifadhi gemu kila ukiingia chumba kipya.

Umesifu mno. Ni nini kilichokuudhi? (Msomaji, Mvita)

Fallout 76 iliniudhi, kwani ilipotolewa haikuwa na binadamu wa kuzungumza naye isipokuwa wachezaji wenzako, na ilibidi isubiriwe nyongeza ya mwaka 2020 ili watu warudi. Mfululizo ulioanza kwa ubishi uliwezaje kuuondoa ubishi wenyewe?

Kubwa zaidi ni kwamba gemu zote kuu zimefungiwa Marekani. Tunaambiwa kwamba kabla ya mabomu, Ulaya na Mashariki ya Kati zilianza kupigania mafuta mwaka 2052, kisha China na Marekani zikafuata. Mtu anayeishi mahali ambapo meli za mafuta hutia nanga Kipevu ana haki ya kuuliza vita hivyo viliipataje Bahari ya Hindi, nani aliziteka bandari, na nani alibaki kuvua. Gemu hazisemi, na waundaji wake hawaonekani kuwa na haraka ya kusema.

Je, ningoje Fallout 5? (Msomaji, Kongowea)

Usingoje. Bethesda, kampuni inayozitengeneza gemu hizi sasa, imesema itaitengeneza baada ya The Elder Scrolls VI, gemu ambayo ilitangazwa mwaka 2018. Utaimaliza New Vegas kwa njia zake zote nne kabla ya hapo.